Kupunguza vitu katika nyumba ya bibi, Ngamiani, Tanga: shajara ya kazi

Jumamosi, 11 Januari 2025

Juzi usiku mama alitoka chumbani kwenda uani, akajikwaa kwenye kinu, akaangukia goti. Kinu hicho kimekaa ukumbini tangu bibi yu hai, na sote tunajua kukikwepa gizani. Ila safari hii kando yake palikuwa na feni mbovu ambayo binamu yangu aliileta wiki iliyopita, akasema ni ya siku mbili tu. Mama aliikwepa feni, akakikuta kinu. Goti limevimba lakini mfupa mzima, alhamdulillahi. Kulipokucha nikamwambia mama kazi ya kupunguza vitu inaanza, na kila hatua nitaiandika ili mwenye nyumba kama yetu aone tulikopita na tulikokwama.

Nyumba ni ya Kiswahili, ya miti na udongo, lipu ya chokaa, bati juu. Mbele baraza, katikati ukumbi wa upana wa mita moja na nusu, vyumba viwili kila upande, nyuma uani penye jiko na choo. Kabati la ukutani hakuna hata moja. Walioijenga walikuwa na kasha, mikeka na vigingi vya kutundikia nguo, na viliwatosha. Sisi tuko watano: mama, mimi, wanangu wawili, na mtoto wa kaka yangu anayesoma sekondari. Chumba cha nne tunakiita stoo, na mlango wake unafunguka nusu tu. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko chumbani kwa mama, mbali na dirisha, maana penye dirisha pamewekwa TV mbili za kichogo. Nashona mchana kwa taa ya umeme.

Leo sijahamisha kitu, nimehesabu tu. Madumu 23. Friji mbovu. TV za kichogo mbili. Feni tatu, hakuna inayozunguka. Kitanda cha samadari kilichofunguliwa, mbao zake zimeegemezwa ukutani. Mabati makuukuu 11. Magunia manne ya nguo. Masanduku ya bati matatu, kasha la bibi, na madaftari ya shule ya watu ambao leo watoto wao wako sekondari.

Jumapili, 19 Januari

Mama amekwenda Pangani kwa mama mkubwa kupumzisha goti. Nikaona ndio wasaa wa kwenda mbio.

Madumu yaliyopasuka, viti vya plastiki vilivyovunjika, magazeti, viatu visivyo na mwenzake: vyote nje. Mkokoteni safari tatu, kila safari shilingi 7,000. Madumu mazima nimeuza, nimebakiza sita ya kuhifadhia maji. Akapita mnunuzi wa vyuma chakavu, nikampa feni mbili, mabati yaliyooza, na sufuria kubwa la alumini lililokuwa limefunikwa nyuma ya mlango wa stoo. Sufuria pekee lilikuwa na kilo 7, kwa 3,000 kila kilo, yaani 21,000. Vingine vyote na madumu vimeleta 47,000. Mlango wa stoo sasa unafunguka wote. Nimelala nimechoka na furaha tele.

Jumatano, 22 Januari

Mama karudi. Aliingia, akatazama ukumbi, akafurahi, akafika stoo, akasimama. Akauliza, "Sufuria la shughuli liko wapi?"

Nikamwambia nimeliuza. Mama akakaa chini kwenye mkeka, na goti lake lile.

Kumbe sufuria lile si letu. Wanawake wa mtaa walichangishana wakalinunua ili penye arusi, hitima au maulidi mtu asikodi. Bibi akapewa alitunze, na alipofariki amana ikabaki kwa mama. Alama yake iko chini ya mshikio mmoja, mikato miwili ya patasi na kitobo kidogo kati yake. Siku ile nalibeba kidole changu kilipita juu ya mikato ile. Nikadhani ni michubuko ya jikoni.

Nilipanda bajaji hadi yadi anakopeleka mzigo wake yule mnunuzi wa vyuma chakavu. Lilikuwa bado lipo, limepangwa kwenye fungu la alumini linalongoja kupondwa, mshikio mmoja umepinda. Mwenye yadi alinitazama usoni akajua sina pa kwenda, akataja 40,000. Nikalipa. Bajaji kwenda na kurudi 6,000. Fundi wa masufuria akaunyoosha mshikio bila kutoza kitu alipojua ni sufuria la nini.

Jioni mama akanipeleka kwa mzee wao wa kikundi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikatoa shikamoo, nikaeleza yote bila kuficha, nikaomba radhi. Akaitikia marahaba, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ungeuliza tu." Akanikaribisha chai. Ilinipita kooni kwa shida.

Tangu leo utaratibu umebadilika. Ushauri wa kupunguza vitu niliowahi kuusikia huanza na swali "Je, unakihitaji?" Katika nyumba ya ukoo swali hilo ni la pili. La kwanza ni "Ni cha nani?" Nimepitia orodha yangu ya tarehe 11 na mama, kitu kwa kitu. Zaidi ya nusu si vyetu. Ni vya waliohamia Dar es Salaam, Moshi na Korogwe, wakaviacha "mara moja".

Jumamosi, 1 Februari

Nimefungua daftari lenye safu nne: kitu, mwenyewe, alichojibu, kilipoishia. Kila kitu nimekiandika herufi ya mwenyewe kwa chaki, na kwenye nguo nimefunga kipande cha kitambaa chenye herufi hiyo.

Siku tatu za kwanza za simu ziliharibika. Nilikuwa nauliza, "Bado unakihitaji?" Wote, kuanzia mjomba hadi mtoto wa mama mdogo, walijibu mamoja: "Kiweke tu, nitakuja kukichukua." Wengine wanasema hivyo tangu mwaka bibi alipougua. Sikuwalaumu. Ukimuuliza mtu hivyo kwa simu anasikia unamfukuza kwao, na kitu kile ndicho kinachomwambia kwamba Tanga bado ana chumba.

Mama ndiye aliyenirekebisha. Akasema nisiulize kama wanakihitaji, niulize kisafirishwe vipi. Kuanzia siku ya nne nikasema, "Shikamoo mjomba. Mzigo wako nimeufunga vizuri. Nikupakilie kwenye basi la Jumatano pale stendi ya Kange, au nimpatie mwenye shida nao hapa mtaani, dua zikufikie wewe?" Majibu yakaanza kutoka siku ile ile. Mizigo mitano imepanda basi, jumla 58,000, vocha 10,000. TV za kichogo zote mbili zimekwenda kwa kijana fundi redio, anang'oa vipuri. Samadari imerudi kwa mwenyewe Korogwe, na aliilipia mwenyewe usafiri kwa furaha kwa sababu binti yake anaolewa. Magunia matatu ya nguo yametolewa sadaka kwa idhini.

Aliyekataa ni mjomba mmoja tu, mwenye friji. Anasema ataitengeneza. Imebaki.

Kwa atakayeiga: asipige simu zaidi ya nne kwa siku. Kila simu ina salamu zake, wagonjwa wake na kumbukumbu zake, na ukiikatisha utasikika kama dalali.

Jumamosi, 15 Februari

Kasha la bibi.

Kasha hili sikuligusa kwa sababu vilivyomo si vya mama peke yake. Vitu vya marehemu ni vya warithi, na hata kijiko huwezi kukigawa kwa niaba ya wengine bila wao kujua. Tangu msiba lilikuwa limefungwa tu, kila mmoja akiona haya kuwa wa kwanza kulitaja. Mama aliwaita ndugu zake. Walikuja wawili, wa tatu tulimweka kwenye simu yenye spika.

Ndani: doti 14 za kanga, tisa kati yake hazijawahi kuvaliwa. Zina ugumu ule wa dukani, ukizikunjua zinaalika, na kwenye mikunjo rangi imebaki mbichi wakati kwingine imepauka. Moja ina duara la kutu lenye ukubwa wa sarafu, chini yake palikuwa na kitasa cha zamani. Kulikuwa na chetezo, kopo la biskuti lililojaa picha, risiti za kodi ya ardhi zilizofungwa kwa uzi, na vipimo vya nguo za watu kwa mwandiko wa bibi. Kipimo changu cha gauni la Idi nikiwa darasa la tatu kimo.

Waligawana kanga kwa dakika kumi na kulia kwa saa nzima. Kasha tupu walikubaliana libaki kwa mama. Risiti za ardhi zimepigwa nakala, kila mmoja ana yake. Picha wakaniachia mimi nizitunze, na hapo nilifanya kosa nitakaloandika siku yake.

Alhamisi, 27 Februari

Stoo sasa ni chumba. Nikataka shelfu za ukutani, tatu, kutoka mlangoni hadi dirishani, vitambaa vyangu vikae juu na sakafu iwe ya watoto kusomea.

Mbao 36,000, skrubu na vishikio vyake 7,000, seremala 20,000. Seremala ni kijana hodari, lakini amezoea nyumba za matofali. Alitoboa kwa drili, akakaza, akabembea kwa mkono mmoja kuonyesha uimara. Nikapanga vitambaa Jumapili. Usiku wa kuamkia Jumanne tukasikia kishindo. Shelfu ya juu ilikuwa imeng'oka na kushuka na zile za chini, pamoja na bapa la lipu lenye urefu wa mkono wangu mzima. Vumbi jekundu juu ya vitambaa vya wateja. Hakuna aliyekuwa amelala humo, na hilo namshukuru Mungu kila nikipita.

Mzee mmoja fundi wa kukandika alikuja kuona. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole akienda pembeni polepole, akaniambia nisikilize. Penye udongo mtupu sauti ni ya kufifia, kama unagonga gunia la unga. Penye nguzo sauti inakuwa kavu. Nguzo zetu zimepishana kama hatua moja ya mtu mzima, kati yake ni fito, udongo na vijiwe. Skrubu zote sita za shelfu ya juu zilikuwa kwenye udongo. Hazikuwa zimeshika kitu.

Kisha akaingiza kisu kwenye nguzo iliyobaki wazi, nacho kikazama hadi mpini. Mchwa. Nje ya lipu kusingeonekana chochote kwa miaka mingine kadhaa.

Jumamosi, 15 Machi

Tumo Ramadhani, mafundi wanafanya kazi asubuhi tu.

Ukuta: nguzo mpya na dawa ya mchwa 27,000. Chokaa mifuko miwili, mchanga na fundi 53,000. Jirani alitushauri tuzibe kwa saruji, ni haraka na imara. Fundi mzee akakataa, na nilipoelewa sababu nikaona ana haki. Udongo unavuta unyevu na kuutoa, unavimba na kunywea kidogo kila msimu. Saruji haifuati mwendo huo. Inakaa kama ganda, unyevu unabaki nyuma yake, mwisho inabanduka na udongo wake. Tumekandika kwa udongo uleule ulioanguka, ukalowekwa, ukaongezwa mchanga, ukaachwa ukauke siku tisa, ndipo lipu ya chokaa juu.

Shelfu tuliyotengeneza mara ya pili haigusi ukuta. Ni fremu inayosimama kwa miguu yake minne, uzito wote unashuka sakafuni. Mbao zilizoanguka tumezitumia tena, mpya 48,000, ufundi 40,000. Mambo matatu tuliyoyafanya tofauti na awali: kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari ili mchwa wakijaribu kupanda uonekane mapema, nyuma pameachwa upana wa viganja viwili hewa ipite na mtu amulike tochi, na juu fremu imefungwa kwa kamba ya katani kwenye nguzo mbili tulizozigonga na kuzihakikisha, isije ikapinduka mtoto akipanda. Makopo ya oili tumeyafunika kwa vipande vya bati kwa ajili ya wadogo.

Kitanda cha mama tumekiongezea miguu ya mbao, sentimita 15, kwa shilingi 15,000. Nilitaka mvungu upate nafasi ya masanduku. Faida kubwa imekuwa nyingine. Goti lake halikunjiki sana akikaa, anainuka bila kunishika.

Jumamosi, 22 Machi

Picha.

Baada ya kikao cha kasha nililipandisha kopo la biskuti darini, juu ya boriti, nikiamini watoto na panya hawafiki. Sikufikiria bati. Kaskazi yote jua limepiga, na pale juu mchana huwezi kuweka mkono kwenye bati. Usiku hewa ya bahari inaingia na unyevu wake. Leo nimelishusha, picha zimekuwa matofali mawili. Nikijaribu kuzitenganisha kwa ukucha zinachanika.

Nililia kwanza. Kisha nikaenda kwa mzee aliyekuwa na studio zamani. Akaniambia nisizivute zikiwa kavu. Picha zilizosafishwa kwa dawa, za enzi za filamu, ngozi yake hulainika majini. Za printa ya kompyuta ndizo zisilowekwe, wino wake utatoka.

Nikaanza na zile nisizowajua waliomo. Beseni safi, maji safi ya kawaida, yasiwe ya moto. Dakika 20, 30, bila kuharakisha. Pembe moja ikainuka yenyewe. Nikaingiza kidole chini yake ndani ya maji, nikawa nasukuma maji badala ya kuvuta karatasi. Chini yake ukatokea ukingo wa baraza letu, kisha pindo la kanga, kisha mkono umeshika kawa, na mwisho uso wa bibi, kijana, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Nikazilaza zikitazama juu, kwenye shuka safi, kivulini. Picha 61 zimeokoka. Mbili zimekufa. Moja ni ya babu, nusu ya uso wake imehamia mgongoni kwa picha nyingine, na mama ameomba zote mbili zitunzwe hivyohivyo.

Sasa zimo chumbani kwa mama, chini, kila moja na karatasi nyeupe kati yake. Darini nimeacha vitu visivyojali joto: mabati mazima, mabeseni na miti ya chandarua.

Jumamosi, 17 Mei

Masika. Nilikuwa nimenunua masanduku matatu ya plastiki yenye mifuniko ya kubana, 28,000 kila moja, nikaweka vitambaa na kanga za mama. Mvua ya wiki mbili, nikafungua: harufu ya ukungu na madoa meusi madogo kama pilipili manga. Nguo zilikuwa kavu kwa mkono wangu nilipozifunga, lakini zilikuwa na unyevu wa hewa, na mfuniko ukaufungia ndani.

Nimezifua, nikangoja siku tatu mfululizo za jua. Kanga zimerudi kwenye kasha la bibi, ambalo mbao zake zinapumua, limeinuliwa juu ya vipande vya mbao, ndani nina mkaa mkavu umefungwa kwenye kitambaa. Kila mwezi mkaa unaanikwa, na nguo mama anazifukiza udi kwa kile chetezo. Masanduku mawili yamekuwa ya midoli na vyombo vya uani. La tatu linafaa nyuzi na zipu.

Jumapili, 15 Juni

Hesabu. Zimetoka 474,000, zimeingia 68,000 za chakavu, madumu na lile sufuria, kwa hiyo kazi imetugharimu 406,000. Zilizopotea kwa makosa yangu ni 108,000: sufuria na bajaji 25,000, shelfu ya kwanza 27,000 baada ya kutoa mbao tulizotumia tena, masanduku mawili 56,000. Gharama ya ukuta siihesabu humo. Nguzo ile ingetuangukia siku moja.

Friji ya mjomba bado ipo, lakini sasa ina kazi. Nimemwomba ruhusa, tumeisafisha, tunaweka unga, mchele na maharage, na panya wamekata tamaa nayo. Kabla ya hapo nimeng'oa mpira wa mlango na kitasa, mtoto asije akajifungia ndani. Nawasihi wenye friji mbovu nyumbani wafanye hivyo leo hii, hata kama ziko nje.

Sufuria la shughuli linaning'inia ukumbini kwenye boriti, juu ya vichwa, kwa kamba ya katani na kulabu, 9,000 zote. Lilitoka kwenye Idi ya kuchinja likarudi siku ya pili limesuguliwa linang'aa. Kinu kiko uani. Cherehani iko dirishani, na saa hizi naandika nikiwa nimeuegemea ukuta mpya, watoto wako sakafuni na madaftari yao.

Jana mama mdogo alipiga simu kutoka Dar. Anahama nyumba, ana kabati la milango mitatu, anaomba tumwekee miezi miwili. Mama alinisikilizisha, kisha akanipa simu nijibu mimi. Nikamwamkia, nikamuuliza hali, nikamwambia, "Mama mdogo, wewe na watoto njooni hata kesho, kitanda kipo na chumba kipo. Kabati ndilo halina pa kukaa." Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza hicho chumba kina dirisha, nikamwambia kina. Wanakuja Ijumaa.